Alama Tatu kwa Picha ya Arobaini na Moja

"Mzee, rudisha hiyo picha."

Mzee Alionzi alikuwa ameshaipita. Akamtazama Candiru, akabonyeza tena, na picha namba arobaini na moja ikarudi ukutani.

Walikuwa majaji watatu ndani ya ukumbi mdogo wa hoteli mjini Arua, mapazia yamefungwa mchana kweupe ili projekta ionyeshe vizuri. Mzee Alionzi ndiye mwenyekiti, mtu aliyepiga picha za ndege miaka thelathini na magoti yakamwishia kwenye matope. Kulia kwake alikaa Mwalimu Kaltumu, mpole wa sauti lakini mkali wa jicho. Candiru alikuwa mdogo kuliko wote, miaka thelathini na nane, na kalenda za ndege zilizotundikwa katika nusu ya ofisi za Arua zilikuwa kazi ya mikono yake.

"Umeona kasoro?" akauliza Kaltumu.

"Nataka kuiangalia tu."

Ilikuwa picha ya keremkezi wawili, wale ndege wala nyuki wenye koo jekundu, wamekaa kwenye kijiti mbele ya ukingo wa mto uliojaa mashimo ya viota. Dume ana nyuki kwenye ncha ya mdomo, anampa jike. Jike amefungua mdomo lakini hajapokea. Kati ya mdomo na mdomo palikuwa na nafasi nyembamba kama unene wa njiti, na mwanga wa asubuhi umepita humo ukaliwasha bawa la nyuki.

Candiru alivuta kiti chake mbele. Ndivyo alivyofanya kila alipokutana na picha nzuri kweli. Halafu akaona kona ya chini, kushoto.

Palikuwa na ukungu wa rangi ya kijani na njano. Mtu mwingine angesema ni jani. Candiru alijua ni kitenge, kwa sababu kilikuwa kitenge chake. Alikichana kwa mikono yake mwaka jana akakining'iniza kwenye dirisha la kibanda cha kujifichia, kule mto Kochi, upande wa Koboko. Kibanda hicho alikijenga Adriko, mwanamume aliyekuwa naye kwa miaka sita, kwa mianzi na magunia. Siku alipomaliza kukijenga alimwambia, "Hapa ni petu sisi wawili. Mgeni hataingia hapa, hata akinilipa."

Na Adriko kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuwatembeza wageni kuangalia ndege.

"Picha ilipigwa lini?" Candiru akauliza.

Mzee Alionzi akasoma kwenye kompyuta. "Tarehe tisa, mwezi huu. Majina siyaoni, unajua, nina namba tu."

Tarehe tisa ilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo Adriko alisema hawezi kuja Arua, ana homa.

"Tuandike alama," akasema mzee.

Candiru akaandika tatu. Tatu kwa kumi.

*

Wakati wa chai alitoka uani akapiga simu.

"Mama Ndege," akaitika Adriko. Ndilo jina alilompa. "Mnaendeleaje na kuhukumu?"

"Vizuri. Uko wapi?"

"Koboko. Niko mjini tu."

"Mtoni umekwenda lini mara ya mwisho?"

Kimya kidogo. Kidogo sana, lakini Candiru alikuwa mtu wa kungoja ndege saa tano bila kupepesa. Kimya kama hicho hakikumpita.

"Mtoni? Tangu Krismasi sijafika. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu. Hakuna mtu uliyempeleka kwenye kibanda?"

"Nani nimpeleke? Candiru, uko sawa?"

"Niko sawa."

Akakata. Dakika mbili baadaye ujumbe ukaingia: *Mbona sauti yako iko mbali? Nakupenda. Ukimaliza kazi nipigie.*

Aliusoma mara nne. Mara ya nne aliona mwanamke amekaa kwenye lile gogo dogo ndani ya kibanda, mahali anapokaa yeye, na Adriko nyuma yake akimnong'oneza kama anavyomnong'oneza yeye: usitikisike, anakuja, sasa hivi, sasa.

Hakuujibu.

*

"Kuna jambo hapa silielewi," alisema Mzee Alionzi waliporudi mezani. "Namba arobaini na moja. Mwalimu Kaltumu ametoa kumi. Mimi tisa na nusu. Candiru, wewe tatu. Tatu unampa mtu aliyekata kichwa cha ndege pichani. Tusaidie."

Wote wawili wakamwangalia.

Angeweza kusema amekosea kuandika, na jambo lingeishia pale. Lakini yule mwanamke wa kwenye gogo alikuwa bado kichwani mwake.

"Imepigwa karibu mno na viota," akasema. "Huyo mtu amewaingilia ndege wakiwa wanalea. Kanuni yetu inakataza."

Kaltumu akainuka, akasogea karibu na ukuta. "Mimi sioni ndege walioshtuka. Manyoya yametulia. Ndege mwenye hofu hampi mwenzake chakula."

"Naufahamu ukingo huo. Nimewahi kufika."

"Basi ni kosa kubwa," akasema mzee taratibu. "Mtu aliyesumbua viota hatumtoi kwenye mashindano tu. Tunamfungia miaka mitatu na jina lake tunalitangaza. Una uhakika, binti yangu?"

"Nina uhakika."

Hakuwa nao. Kibanda kile kilikuwa hatua thelathini kutoka ukingoni, maji yakipita katikati. Adriko alizihesabu hatua hizo mbele yake.

Mzee akavuta pumzi. "Itabidi nifungue jina, tumpigie ajieleze kabla hatujamhukumu." Akabonyeza, akasubiri, akasoma. "Medina Yusufu. Koboko. Namba ya simu iko hapa. Nitampigia kesho mchana. Leo tumalize hizi zilizobaki."

Medina.

Candiru aliinakili ile namba kwenye kiganja chake, chini ya meza, kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

*

Alipiga akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa.

"Halo," ikaitika sauti ya mwanamke. Sauti changa, yenye kicheko kilichokuwa hakijaisha.

"Ni Medina?"

"Ndiyo, mimi. Nani mwenzangu?"

Candiru alitaka kusema jambo la mashindano. Kabla hajafungua mdomo, akasikia nyuma ya ile sauti mtu akikohoa, kisha akiuliza, "Ni watu wa Arua hao?"

Sauti ile aliijua kuliko aijuavyo yake mwenyewe.

Akakata simu. Ikalia. Ni Medina. Akaiacha ikilia mpaka ikachoka. Halafu akaandika ujumbe kwa Adriko: *Endelea kuugua homa vizuri.* Akaufuta. Akaandika tena: *Mama anauliza kama wajomba zako bado wanakuja kuposa baada ya Pasaka.* Huo akautuma, na jibu likaja haraka:

*Nivumilie kidogo. Kuna kitu nasubiri kwanza.*

Miezi minane amekuwa akisubiri hicho kitu. Candiru akafikiri sasa anakijua kwa jina.

*

Asubuhi alishika barabara ya Koboko, akaipita Manibe jua likiwa bado halijapanda juu ya mashamba ya mihogo, na kabla ya saa tatu alikuwa Koboko. Kumpata Medina hakukuwa kazi. Alimuuliza mtu mmoja tu akaonyeshwa: duka la kuchapisha na kutoa kopi, lina mlango wa bluu, karibu na stendi ya malori yaendayo Oraba.

Medina alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtandio kichwani, macho makubwa. Mzuri. Candiru alitamani awe na sura mbaya.

"Karibu, dada. Unataka kopi?"

"Nataka kukuona. Mimi ni Candiru."

Tabasamu likamfutika Medina usoni. Akaacha mashine ikitema karatasi peke yake.

"Candiru ya Adriko?"

"Nilidhani hivyo. Sasa wewe niambie."

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Ulikuwa kwenye kibanda cha mtoni tarehe tisa?"

"Mimi? Mtoni?" Medina akaangalia viatu vyake. "Mimi hapana jua hata njia ya hiyo mto."

"Picha ina jina lako."

"Jina iko yangu. Picha hapana yangu. Kamera mimi sijui hata kushika, nikishika watu wote wanakatika miguu." Akavuta kiti akakaa yeye. "Picha ni ya Adriko. Yeye mwenyewe alipiga. Akaleta hapa tutume kwa kompyuta, akasema andika jina yako, Medina, na simu yako. Kanuni inasema mutu wa jaji haruhusiwi."

Candiru alibaki amesimama. Lori lilipita nje, vioo vikatikisika.

"Adriko hapigi picha," akasema. "Adriko ananibebea mfuko."

"Miaka mbili sasa anapiga. Ile kamera yako ya zamani, uliacha kwake. Kila wiki analeta picha nichapishe. Iko kwa boksi, nyumbani kwake, chini ya kitanda. Jana alikuja kungoja simu ya majaji. Ulipopiga wewe, tukafikiri ndiyo hiyo."

"Na wewe unamfanyia hayo yote kwa nini?"

Medina hakukwepa. "Nisikudanganye, dada. Kama angesema neno moja tu, mimi ningekubali. Bwana yangu alikufa, mimi iko peke yangu. Lakini yeye akikaa hapo anaongea wewe. Candiru angesema mwanga ni mbaya. Candiru angengoja zaidi. Mpaka mimi nachoka kukusikia."

Candiru alisema asante. Akatoka, akaelekea mtoni.

*

Alimkuta Adriko mtoni, ndani ya kibanda, kamera ya zamani magotini. Kitenge kilikuwa bado kwenye dirisha.

Adriko alipomwona hakushtuka. Alisogea kwenye gogo, akampa nafasi. Candiru hakukaa.

"Medina amenipigia," Adriko akasema. "Kwa hiyo unajua."

"Ulinidanganya. Homa, Krismasi, yote."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Adriko?"

"Ningekwambia, ungelazimika kuacha kiti cha ujaji. Na hata ungekuwa hukukiacha, ungeipenda picha kwa sababu ni yangu, au ungeikataa kwa sababu ni yangu. Nilitaka uione kama ya mtu usiyemjua." Alikuwa anaangalia ng'ambo, mashimo ya viota. "Nimekubebea stendi miaka sita. Wageni wakiniona wanasema, huyu ni mtu wa Candiru. Hata kwenye kalenda umeandika, shukrani kwa Adriko kwa kuendesha gari. Nilishukuru. Lakini naona wivu, Candiru. Sijui kama mwanamume anaruhusiwa kumwonea wivu mke wake. Mimi naona."

"Hukuwahi kusema."

"Ningesema nini? Nilitaka niende kwa mama yako na wajomba zangu nikiwa nina kitu kinachoitwa changu. Ndicho nilichokuwa nasubiri."

Candiru akashika mwanzi wa mlango. Alikuwa amekuja na hasira ya kutosha wanaume wawili, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Nilikitambua kitenge," akasema. "Nikaona mwanamke. Nilimwona kabisa, amekaa hapo."

"Kitenge?"

"Kona ya kushoto."

Adriko akatabasamu kidogo, kwa uchungu. "Hicho sikukiona. Ukingo nilijua utautambua, na nilitaka uutambue. Nilifikiri utasema, huyu mtu anajua kukaa hapa." Akamgeukia. "Ulinipa ngapi?"

Hapo ndipo pangekuwa rahisi kudanganya.

"Tatu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Si hiyo tu," Candiru akaendelea, maana angenyamaza asingeweza tena. "Waliponiuliza sababu, nilisema umesumbua viota. Mzee anataka kukufungia miaka mitatu. Kumfungia Medina."

Mto ulikuwa unapita. Ng'ambo keremkezi mmoja akatoka shimoni, akaruka, akarudi. Hakuna kati yao aliyeinua kamera.

"Ulizihesabu hatua na mimi," Adriko akasema. "Thelathini."

"Nilizihesabu."

"Kwa hiyo ulijua ni uongo."

"Nilijua."

"Kunifikiria nina mwanamke, hilo naweza kulielewa, nilikupa sababu. Lakini hawa ndege..." Hakumaliza. Akaufunga mfuko wa kamera taratibu, zipu moja, zipu ya pili, akauvaa begani. "Mtu yeyote asingeniambia mimi nimewasumbua hawa ndege. Ila wewe umesema."

Akatoka akaenda, na Candiru hakumfuata. Alikaa kwenye gogo. Alipokuwa peke yake ndipo alipogundua kwamba wivu haujaondoka. Mwanamke wa kwenye gogo alikuwa ametoka kichwani, lakini picha ilikuwa imebaki. Misimu mitano alikaa hapo hapo akiisubiri nafasi ile kati ya mdomo na mdomo, na hakuipata hata siku moja. Mbeba mfuko wake ndiye aliyeipata.

*

Saa tisa alasiri alikuwa tena ukumbini Arua. Mzee Alionzi alikuwa na simu mkononi, anatafuta miwani yake ampigie Medina.

"Usipige, mzee."

Akawaeleza yote, amesimama: kitenge, namba kwenye kiganja, Koboko, Adriko. Alipofika kwenye viota alisema polepole ili wasikie vizuri. "Nilidanganya. Aliyepiga alikaa hatua thelathini, maji yako katikati. Hakuna ndege aliyesumbuliwa."

Kaltumu akaweka kalamu chini. "Ungemchafulia mtu jina kwa ajili ya kitambaa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi mume wangu aliwahi kunifanya nipasue vyombo vya nyumba nzima," akasema Kaltumu. "Lakini vilikuwa vyombo vyangu."

Mzee Alionzi akavua miwani aliyokuwa ameipata. "Binti yangu, nimekujua tangu ukiwa na kamera ya kuazima. Hutakaa tena kwenye meza hii, mwaka huu na miaka mitatu ijayo. Ile adhabu uliyomtakia mwenzako ichukue wewe."

"Nimekubali."

"Picha nayo inatoka. Kanuni ni kanuni, mtu wako hakupaswa kuingia, na jina la kuazima halifai." Akatazama ukuta mtupu. "Haitashindana. Lakini sikusema haitatundikwa. Huyo Adriko anapatikana wapi?"

*

Siku tisa zilipita bila Adriko kupiga wala kupokea simu. Candiru aliacha kupiga siku ya nne, akaandika ujumbe mmoja: *Nimewaambia ukweli wote. Sikuombi kitu.* Alama ya kusomwa ikaonekana, jibu halikuja.

Siku ya maonyesho aliingia ukumbini kama mtu mwingine yeyote, bila kadi ya jaji shingoni. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka Vurra na Omugo. Mshindi, bwana mmoja wa Nebbi aliyepiga picha ya korongo kwenye mvua, alikuwa anakumbatiwa na shangazi zake. Lakini umati mkubwa ulikuwa kwenye ukuta wa nyuma, mbele ya picha isiyokuwa na namba. Chini yake pameandikwa: *Keremkezi, mto Kochi. Picha na Adriko Geoffrey. Haimo katika mashindano.*

Adriko alikuwa amesimama pembeni, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Msichana wa redio alimwekea kinasa sauti karibu na kidevu, karibu kuliko ilivyohitajika, na kila jibu alilicheka.

Candiru alingoja mpaka msichana akaondoka. Halafu akasogea.

"Naona wivu," akasema.

Adriko akamgeukia. "Kwa yule wa redio?"

"Yule kidogo. Ile picha zaidi."

"Zaidi kiasi gani?"

"Nimeiangalia mara ngapi sijui. Nimetafuta kosa ili nilale. Sijaliona. Ningekuwa mimi nimeipiga, ningeacha kazi siku hiyo hiyo." Akaigeukia picha. "Ni kumi, Adriko. Ilikuwa kumi tangu mzee alipoirudisha ukutani. Niliandika tatu na mkono wangu ukijua."

Mgeni mmoja akampa Adriko mkono, akampongeza, akaondoka. Adriko akafuta kiganja chake kwenye suruali kwa haya.

"Mzee Alionzi alikuja mwenyewe Koboko," akasema hatimaye. "Akaniambia ulivyosimama mbele yao. Akasema hukujitetea hata kwa neno moja."

"Sikuwa na neno."

"Bado imeniuma."

"Najua."

"Itaniuma muda. Nikikumbuka nitanyamaza, na wewe usiniulize ninamfikiria nani."

"Nitauliza," akasema Candiru. "Siwezi kukudanganya. Nitauliza, lakini nitakuuliza wewe, si namba ya simu kiganjani."

Hapo Adriko akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kucheka.

"Mama yako yuko nyumbani Jumamosi?"

"Yuko. Kwa nini?"

"Wajomba zangu wameshanunua sukari na sabuni. Nimewaambia wasingoje Pasaka." Akainama akaokota mfuko wa kamera uliokuwa miguuni pake, akauning'iniza begani kwake mwenyewe. "Njoo unionyeshe hizo picha nyingine. Huyo wa Nebbi kanishinda vipi, mimi sielewi."

Candiru akamshika mkono, wakaanza kwenye ukuta wa kwanza.